Mfumo ulikumbuka zamu zote, ukamsahau mzee wa Alhamisi

Kwa miaka sita kumbukumbu yote ya shirika letu ilikuwa ndani ya daftari moja la jalada gumu, kona zimechakaa, karatasi za nyongeza zimebanwa kwa pini. Humo mlikuwa na majina ya watu wanaojitolea kuwatembelea wazee wanaoishi peke yao: nani anakwenda kwa nani, siku gani, nani anaogopa mbwa, nani asibebeshwe mzigo kwa sababu ya mgongo. Mbele ya majina mengi niliandika maelezo. Mbele ya jina la mzee mmoja, ambaye naye alikuwa anajitolea, sikuandika kitu. Alikuwa akimtembelea mzee mwenzake kila Alhamisi, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuwa na sababu ya kumkumbusha.

Mimi ndiye mratibu. Mwaka ule nililazwa hospitalini siku tisa, na daftari nilikuwa nalo kwenye begi chini ya kitanda. Wazee kumi na wanne hawakuona mgeni siku hizo zote, kwa kuwa hakuna aliyejua zamu ni ya nani. Nilipotoka, mama mmoja kati yao aliniambia alikuwa akipika kwa ajili ya watu wawili kila siku, akitumaini. Sikuhitaji mtu mwingine wa kunishawishi kwamba kazi hii haiwezi kukaa kwenye begi la mtu mmoja.

Tulikuwa na vikundi vinne vya WhatsApp, lakini yeyote aliyewahi kuendesha zamu kupitia kikundi anajua kinavyokuwa. Unaweka tangazo la zamu. Watu kumi wanajibu "Amina". Watatu wanatuma picha za maua za kutakia asubuhi njema. Mmoja anauliza swali lililojibiwa jana. Na yule aliyeandika kwamba kesho hataweza kwenda, ujumbe wake umeshazama, unauona usiku ukiwa umechelewa.

Basi tukachukua mfumo wa kusimamia watu wa kujitolea, wa kulipia kwa mwezi, unaotumika kupitia intaneti. Unapanga zamu, unatuma vikumbusho, unahesabu saa, na una sehemu ya akili mnemba inayosaidia kuandika barua na kufupisha ripoti. Nayaandika haya kwa ajili ya mratibu aliyeko pale nilipokuwa mimi wakati ule, ameshika kalamu juu ya fomu ya kujiunga. Siandiki ili asiisaini. Ningesaini tena.

Pa kuanzia ni majina, na hapo ndipo tulipopoteza mwezi mzima. Kijana mmoja alinakili daftari lote kwenye Excel, akafanya kazi safi. Tulipoingiza faili kwenye mfumo na kutuma ujumbe wa majaribio, haukumfikia hata mtu mmoja. Excel ikiona namba ya simu inaichukulia kuwa hesabu, na kwa hesabu sifuri ya mbele haina maana, kwa hiyo inaiondoa kimya kimya. Namba zetu zote zilikuwa zimepungua tarakimu moja. Kabla ya kuandika namba ya kwanza, badilisha safu nzima ya simu iwe ya maandishi, kisha andika namba pamoja na msimbo wa nchi. Ni kazi ya nusu dakika. Sisi ilitubidi turudi kwenye daftari, jina kwa jina.

Kosa la pili lilikuwa langu peke yangu. Kwa haraka niliingiza majina yote, ya daftari na ya vikundi vyote vinne, nikisema tutayasafisha baadaye. Ada ya mfumo ilikuwa inahesabiwa kwa idadi ya majina yaliyomo, si kwa idadi ya watu wanaofanya kazi, na miezi mitatu ya mwanzo ilikuwa ya bure, kwa hiyo hatukuona. Mwezi wa nne tulilipia watu waliohama, watu walioandikwa mara tatu kwa majina matatu tofauti, na wawili waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Mmoja wa hao wawili alikuwa ametumiwa ujumbe wa kumkaribisha kwenye zamu. Binti yake ndiye aliyeusoma. Nilimpigia kumwomba radhi, akanisamehe, ila sauti yake bado naisikia. Safisha majina kwanza. Piga simu, uliza nani bado yupo, ndipo uingize.

Kisha ikaja shida ya saa, na hii kwa msomaji wa Kiswahili naieleza kwa urefu kwa sababu mwongozo wa mfumo hauwezi kukuambia. Mifumo hii mingi huandika saa kwa kuhesabu kuanzia usiku wa manane. Zamu ya saa mbili asubuhi imo humo kama 08:00. Kikumbusho cha kwanza kilitoka kikisema: "Zamu yako ya kesho ni saa 8:00." Dada mmoja, makini sana, alifika kwa mzee wake saa nane mchana kamili, amejiandaa, ana furaha. Yule mzee alikuwa amekaa mlangoni tangu saa mbili asubuhi. Kiti alikitoa mwenyewe, na kwa kuwa kukirudisha ndani kile kiti kizito cha mbao asingeweza, alibaki pale na jua lilipomfikia. Hakuna aliyekosea kusoma. Tulijaribu kubadilisha jinsi saa inavyojiandika, haikuwezekana, mwisho tukaziita zamu kwa majina: "zamu ya asubuhi, saa mbili", "zamu ya alasiri, saa tisa". Saa ya mfumo tukaiondoa kabisa kwenye ujumbe. Kabla hujatuma chochote kwa watu wote, jitumie mwenyewe, umtumie na mtu mmoja asiyejua lolote, kisha umuulize: kesho unakwenda saa ngapi?

Nitasema haraka kuhusu gharama ya meseji, maana ilitushangaza. Ujumbe mfupi mmoja hubeba herufi 160. Ikiingia hata alama moja tu isiyokuwamo kwenye seti ya kawaida ya herufi za simu, ujumbe mzima hushuka hadi herufi 70, na ukizidi hapo hukatwa vipande, kila kipande kwa bei yake. Alama iliyotuponza ni kile kialama cha juu kwenye "ng'ambo". Tulikuwa tunaelekeza watu mahali pa kukutana, "ng'ambo ya barabara", na programu tuliyokuwa tunaandikia ikawa inakipindisha kile kialama kilichonyooka. Meseji ya herufi 150 ikatozwa kama tatu. Tuliandika "upande wa pili wa barabara" na bili ikashuka.

Baada ya mambo haya kukaa sawa, ndipo nilipouona uzuri wa kitu hiki, na haukuwa pale nilipoutarajia. Kikumbusho kilikuwa kinamalizika hivi: "Jibu 1 kama unakwenda, 2 kama huwezi." Wiki ya kwanza watu waliojibu 2 walikuwa wengi kuliko waliowahi kuniaga kwa mwezi. Nilifadhaika, nikadhani tunapoteza watu. Nilipoongea nao, mama mmoja alinieleza: "Dada, wewe ukinipigia siwezi kukuambia hapana. Nasema ndiyo, halafu nashindwa, halafu naona haya hata kupokea simu yako." Kumbe heshima yangu kwao ilikuwa inawabana. Mashine hawaionei haya. Kwa kuwa 2 ilikuwa inafika jioni ya siku iliyotangulia, tulikuwa na usiku mzima wa kutafuta wa kushika nafasi, na ziara zilizokosa mtu zikapungua mno. Na wale waliokuwa wanatoroka kwa aibu wakarudi, kwa sababu sasa kusema siwezi halikuwa jambo la kumkabili mtu.

Uzuri mwingine: msichana wetu mmoja aliyehamia mbali aliendelea kutusaidia akiwa huko huko. Anampigia bibi kizee mmoja kila jioni na kumsomea barua zake na maelekezo ya dawa kupitia kamera ya simu ambayo mjukuu anaishika. Wazo alilipata kwenye programu ya Be My Eyes, iliyoanza mwaka 2015, inayomuunganisha mtu asiyeona na mtu wa kujitolea anayeona, kwa video, hata kwa dakika mbili tu za kusoma tarehe kwenye pakiti. Zamani nilikuwa nahesabu kwamba mtu akihama nimempoteza. Sihesabu hivyo tena.

Mafanikio yalinilevya kidogo. Tuliweka fomu ya kujiunga kwenye mtandao, nikaisambaza kwa kila mtu. Ndani ya wiki moja walijaza watu zaidi ya mia mbili, na mimi nilikuwa na uwezo wa kuwahoji, kuwafundisha na kuwapeleka watu thelathini. Wengine mia moja na sabini walipata jibu la mashine: "Asante, tutawasiliana nawe." Hatukuwasiliana nao. Baadaye nilisoma yaliyotokea Uingereza mwezi Machi 2020, wakati wa UVIKO-19, huduma ya afya ya umma ilipoomba watu 250,000 wa kuwasaidia waliojifungia nyumbani, wakajitokeza 750,000 ndani ya siku chache kupitia programu ya simu. Ilibidi wasimamishe usajili kwa muda, na wengi walikaa majuma na simu zao zikiwa zimewashwa bila kuitwa hata mara moja. Niliposoma hayo niliwakumbuka wangu mia moja na sabini. Fomu inaweza kupokea watu elfu usiku mmoja. Kumkalisha mtu chini, kumsikiliza, kujua kama anafaa kuingia nyumbani kwa mzee aliye peke yake, bado kunachukua muda ule ule kama wakati wa daftari. Siku hizi fomu yetu inafunguliwa siku tano, inafungwa, na kila aliyejaza anapigiwa simu kabla haijafunguliwa tena.

Akili mnemba niliipokea kwa mikono miwili. ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 nilikuwa nimeichezea tu, lakini ilipokuja ndani ya mfumo wetu wenyewe niliitumia kuandika barua za shukrani za mwisho wa mwaka. Barua tisini kwa mchana mmoja! Mwaka uliotangulia zilinichukua wiki mbili. Kwenye mkutano wa Desemba, kina mama wawili waliokaa pamoja wakatoa barua zao kulinganisha. "Mchango wako usio na kifani umegusa maisha ya wengi", yangu na yako, neno kwa neno. Hawakunisema. Walizikunja, wakazirudisha kwenye mikoba. Ningependa wangenisema. Mmoja wao ndiye aliyekaa na mzee wetu usiku anakata roho, akamshika mkono mpaka alfajiri, na nilikuwa nimemwambia mchango wake hauna kifani kwa maneno yale yale niliyompa mtu aliyekuja mara mbili.

Sasa mashine inanipa orodha: fulani ametembelea mara ngapi, tangu lini, kwa nani. Barua naandika mwenyewe, mistari mitatu, minne. Zinachukua siku nne. Nazipanga siku hizo nne kwenye kalenda kama ninavyopanga ukaguzi wa hesabu.

Kuna kosa jingine la hapo ambalo watu hawapendi kulikiri, nami nitalikiri. Kabla hatujawa na mfumo wenye kipengele hicho, nilikuwa nimenakili orodha nzima ya wazee, majina, mitaa, magonjwa yao, nani anaishi peke yake, nikaibandika kwenye programu ya bure ya akili mnemba ili inipangie zamu. Ilinipangia vizuri. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimechukua habari ambazo mzee alinipa mimi, sebuleni kwake, nikazipeleka mahali nisipojua zinahifadhiwa vipi wala nani anaweza kuzisoma. Kama unataka mashine ikupangie, ipe namba badala ya majina: mzee wa 1, mzee wa 2. Ugonjwa na mtaa viache nje. Na kwa mfumo unaolipia, kabla ya kusaini uliza maswali mawili: tukiondoka tutapewa faili letu lote, katika muundo gani? Na lile lenu mtalifuta lini? Anayesitasita kwenye maswali hayo, mwache.

Sasa niseme la mzee wa Alhamisi.

Mfumo ulikuwa unahesabu mahudhurio kwa msimbo wa QR. Kila faili la mzee anayetembelewa lilibandikwa karatasi yenye ule msimbo. Ukifika unauskani kwa simu, saa yako inaingia. Asiyeskani anaandikwa hakufika. Akikosa mara tano mfululizo, mfumo unamhamishia kwenye kundi la wasioshiriki, vikumbusho vinakoma, na nafasi yake inatangazwa kwa wengine. Nilikiwasha kipengele hicho mwenyewe. Nilikiona kuwa cha busara, kingenipunguzia majina ya kulipia.

Mzee wa Alhamisi ana simu ya kitochi. Haina kamera ya kuskani chochote. Alikwenda Alhamisi tano, akakaa na mwenzake, wakacheza bao, akamchemshia chai, akarudi kwake. Mfumo uliandika: hakufika, hakufika, hakufika, hakufika, hakufika. Alhamisi ya sita alikuta kijana ameketi kwenye kiti chake. Kijana alikuwa amechukua nafasi iliyotangazwa, kwa nia njema kabisa. Mzee aliwasalimu, akasema alikuwa anapita tu, akaondoka.

Hakupiga simu. Mimi sikumpigia, kwa kuwa kwenye skrini yangu Alhamisi ilikuwa na rangi ya kijani: ziara imefanyika. Kijana aliandika ripoti kila wiki, naye ni kijana mwangalifu. Katika ripoti yake ya tatu aliandika kwamba mzee hataki kucheza, na ameuliza mara mbili, "Yule mwenzangu amekufa?" Ripoti zilikuwa nyingi, nilikuwa nazisoma kwa muhtasari unaotengenezwa na akili mnemba. Muhtasari wa wiki ile ulisema: "Ziara ilikwenda vizuri. Mzee alikuwa mtulivu."

Zilipita wiki saba. Nilikuja kuliona swali lile kwa bahati, natafuta kitu kingine ndani ya faili. Nililisoma nimesimama, nikakaa.

Nilikwenda kwake siku hiyo hiyo bila kupiga simu kwanza. Alikuwa nje, anatengeneza mguu wa meza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

Nilianza kueleza habari za mfumo na msimbo, nikasikia mwenyewe jinsi maneno yale yalivyokuwa hayana kazi pale. Nikanyamaza, nikamwomba msamaha. Alipangusa mikono yake kwa kitambaa, taratibu, kidole kwa kidole.

"Nilidhani mmeona nimezeeka," alisema. "Nikasema, basi, wamenipumzisha kwa adabu. Ila yule mwenzangu, hamkumwambia chochote?"

Hatukuwa tumemwambia chochote. Wazee wawili, kila mmoja nyumbani kwake, mmoja akidhani ametupwa, mwingine akidhani amefiwa, na skrini yangu ya kijani.

Jioni ile nilikizima kile kipengele cha kuhamisha watu. Sasa mfumo unaweza kunionyesha nani hajaonekana, lakini hauwezi kumwondoa mtu. Anayemwondoa mtu ni mtu, baada ya kuongea naye kwa sauti, na jina la aliyeongea naye linaandikwa. Kila Jumatatu nachukua orodha ya wasioonekana na kuwapigia mmoja mmoja kabla sijafungua kitu kingine. Ripoti za ziara tunazigawana watu watatu na kuzisoma zote kama zilivyoandikwa. Kwenye taarifa za kila mtu tuliongeza sehemu moja, "namna ya kumfikia": meseji, WhatsApp, simu ya sauti, au kupitia jirani. Tulipouliza, karibu theluthi moja ya watu wetu walikuwa wanatumia simu zisizoweza kuskani, au wanazo zinazoweza ila bando huwa haipo. Walikuwa wanatukosa, nasi tulikuwa tunawaandika wamekosa.

Swali hilo ningeliuliza kabla ya kulipia chochote. Nenda kwa watu wako kumi wa zamani zaidi, waombe wakuonyeshe simu zao, ndipo uchague mfumo.

Daftari bado lipo kwenye droo. Siandiki zamu humo tena, ila maelezo ya pembeni, ya mbwa na mgongo na nani amefiwa na nani, niliyanakili yote kwenye mfumo kwa mkono wangu, kazi ya majuma matatu. Na safari hii mbele ya jina la mzee wa Alhamisi nimeandika: "Hana simu janja. Anabip akifika. Hakosi."

Ndivyo tulivyokubaliana naye. Kila Alhamisi, saa nne kasorobo au saa nne, simu ya ofisi inaita mara mbili na kukatika. Aliye karibu anainua kichwa, anaangalia namba, na kumwandika.